Begi lisilomeza

"Dada, chukua hili, linameza kila kitu," kaniambia muuza mitumba wa Mazwi. Ndiyo maana nikalikataa. Kwenye ukaguzi uwanja wa ndege wa Songwe, laptopu inatakiwa itoke, ilale peke yake kwenye trei. Ukiwa na begi linalomeza utaanza kuanika kanga zako mbele ya foleni. Nikachukua jeusi, sura haina, ila lina mfuko wa mgongoni wenye zipu yake. Kwenye basi la kutoka Sumbawanga nililipakata njia nzima.

Ndani ya laptopu kuna sauti ya bibi, saa nne za hadithi za Kifipa. Nakala moja tu. Bibi tulimzika mwaka jana.

Zipu ikafunguka mara moja, sawa. Trei ikaingia kwenye mashine. Eksirei haifuti kitu, najua. Ila mlango ukampigia kelele mzee aliyenitangulia: mkanda, funguo, sarafu, rudi tena. Mimi huku, bibi kule, na watu wanaokota laptopu zao, karibu zote nyeusi. Wiki nzima nimechagua begi, hili sikuliwaza!

Nilipovuka ilikuwepo, trei ya mwisho. Dar nilinunua flashi kabla sijanywa hata chai.