Waifai Imekataa? Soma Kwanza Kabla Ulaani Linux

Msee anaweka Linux kwa laptopu, waifai inakataa kushika, na ndani ya dakika tano ashaamua Linux ni takataka. Mimi hapo naona ameharakisha. Mashine huwa imeshasema shida iko wapi, ni vile hakuna mtu ameisoma.

Juzi nilichukua laptopu ya mtumba pale Luthuli, nikaiweka Ubuntu. Skrini sawa, sauti sawa, kamera sawa. Waifai hakuna, hata alama yake haikuwepo. Na Ijumaa nilitakiwa kumtumia mteja video ya harusi, pesa ambayo tayari ilikuwa na jina la landilodi. Halafu hapo ndipo Linux hukuchezea: draiva ya kukupa intaneti iko kwa intaneti.

Nikafungua taminali, nikaandika lspci -nnk. Hiyo amri inaorodhesha vifaa vilivyo ndani ya mashine, na chini ya kila kimoja inaonyesha draiva inayokiendesha. Kadi yangu ilionekana vizuri, lakini ule mstari wa "Kernel driver in use" haukuwepo. Yaani matatu iko steji, tangi imejaa, dere hayuko. Kama mstari ungekuwepo na waifai bado imelala, ningeangalia dmesg, kwa sababu wakati mwingine draiva iko ila imekosa femuwea, ile programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi yenyewe. Na rfkill list pia usiisahau, isije ikawa ni swichi tu imezimwa.

Data je? Simu, bana. Ichomeke kwa kebo ya USB, washa kushiriki intaneti kupitia USB, na Linux itaiona kama kadi ya mtandao wa waya. Si kwa hotspoti, hiyo nayo inataka waifai. Bando ndogo tu ikanitosha. Nikaingia sehemu ya draiva za ziada, nikachagua iliyopendekezwa, ikaniitisha nywila ya Secure Boot. Ukiwasha upya, inakuja skrini ya bluu ikitaka uthibitishe kwa nywila hiyo hiyo. Watu wengi huiruka, halafu draiva inakataliwa na wanarudi kulia.

Na si ati waliounda Linux ni wavivu. Kuna kampuni za chipu ambazo hazitoi msimbo wa draiva wala femuwea zao wazi, na miradi mingine ya Linux imekuwa na msimamo mkali juu ya hiyo maneno. Debian walipiga kura 2022 ndio femuwea za aina hiyo zikaruhusiwa kwa diski yao rasmi, na Debian 12 ya Juni 2023 ikaja nazo.

Mimi nilisomea kompyuta chuo miaka miwili kabla karo inishinde. Tulikariri tabaka saba za OSI hadi usingizini. Siku moja ya kufungua mashine iliyokataa na kusoma inachosema, haikuwahi kuwa kwa ratiba.

Video ilienda Alhamisi usiku. Na kama draiva yako ni ya nje kama yangu, usifute pakiti za linux-headers: kerneli ikisasishwa, draiva hujengwa upya kwa kutumia hizo. Ukizifuta, tafuta tena kebo ya simu.