Paka wa Bi Harusi na Usiku wa Hina



Tunazungumza sana juu ya singo, udi na nguo za kutolea. Leo tuzungumze juu ya paka. Ndiyo, paka! Huku kwetu Unguja nyumba isiyo na paka ni ya kutafuta, lakini bi harusi anapohama kila mtu anajua sanduku lake linakwenda wapi. Paka wake hakuna anayemuuliza.

Mtoto wa ami yetu aliolewa mwaka jana. Paka wake, Chaurembo, aliachiwa na marehemu mama yake, na tangu msiba ule paka halali ila miguuni pake. Na huko anakoolewa, mama mkwe hapendi paka. Basi nyumba nzima kimya, hakuna wa kulianza neno.

Usiku wa hina, ngoma zilipolia tu, Chaurembo alishtuka akapanda mshelisheli wa uani mpaka juu kabisa. Bi harusi yuko mkekani, hina mbichi mikono na miguu, analia kuliko paka. Tukainuka sote. Wanne tukashika kanga pembe zake chini ya mti. Shangazi akaja na kipande cha changu cha kukaanga. Mpwa wetu wa miaka 12 akapandishwa ngazi, na kanzu yake ya harusi mwilini.

Alipomfikia, paka alimfanya daraja: begani, kofiani, chini! Kanga aliipita mbali. Akatua ndani ya bakuli la hina, akakata mkeka, akapita juu ya shuka nyeupe za bi harusi, akarudi kwa changu wake. Ngazi nayo chini. Paka kashuka, mtoto kabaki juu.

Ikabidi waitwe wanaume wa barazani. Lakini ua umejaa wanawake vichwa wazi! Huyu anaita "Njooni!", yule "Msije!", na sisi tunagombania kanga ile ile moja. Ami alipiga hodi mlangoni mpaka sauti ikamkauka.

Paka tulimwosha miguu upesi, maana hujilamba. Alhamdulillah ilikuwa hina ya majani matupu, si piko. Hata hivyo nyayo zake nyeupe zilikolea kama za biarusi mwenyewe.

Asubuhi habari zilimfikia bwana harusi. Akaleta kikapu cha ukili chenye kifuniko, akasema aliyetiwa hina haachwi nyuma. Mama mkwe alicheka mpaka machozi, kisha akatoa sharti moja: jikoni asiingie. Neno lililoogopwa miezi likaisha kwa dakika.

Mashoga, sharti kama hili lizungumzwe mapema, pamoja na mahari na makaazi. Dini yetu haikumsahau paka. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na Abu Qatada, radhi za Allah ziwe juu yake, aliinamisha chombo chake cha udhu paka anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi.

Na akipanda mti, kumbukeni makucha yake yamepinda: kupanda ni rahisi, kushuka lazima arudi kinyumenyume. Zimeni ngoma, wekeni samaki chini, ondokeni. Wengi hushuka wenyewe.

Ukihama naye, mfungie chumba kimoja kwanza pamoja na kitambaa chenye harufu ya nyumbani kwenu. Usimtoe nje mpaka wiki mbili tatu zipite, asije akarudi kumtafuta mama.

Allah awajaalie nyumba zenye huruma, kwa watu na kwa wanyama. Amin.