Alipanda meza kwa akili, kushuka kukamshinda

Mama huyu hununua dagaa Mwigobero, Musoma, na kuwauza Bunda. Ndiyo kazi iliyosomesha watoto wake wanne. Kwa kuwa siku nyingi yuko sokoni Bunda, fedha ya mzigo humtumia kwa simu mtoto wake wa pili, kijana wa miaka 22 anayeishi kwa mjomba wake Nyasho. Kijana anatoa fedha kwa wakala, anashuka mwaloni, ananunua magunia na kuyapakia kwenye gari. Walikwenda hivyo miaka miwili na haijawahi kupungua hata shilingi mia.

Siku moja ya mwezi wa nane magunia hayakufika. Kijana alipopigiwa simu alisema dagaa hakuna, wavuvi hawajapata kitu. Hapo ndipo alipojikamatisha. Mtu aliyeuza dagaa miaka 15 haangalii kalenda ya ukutani, anaangalia mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika, kwa sababu taa zao hazivuti dagaa. Ikiwa giza, mitumbwi inajaa. Na wiki ile ilikuwa giza totoro.

Mama alifunga meza yake na kupanda gari la Musoma mchana uleule. Jioni, sebuleni kwa kaka yake, akaelezwa kwamba Sh 420,000 hazipo. Hazikuibwa, hazikunywewa pombe, hazikwenda kwa msichana. Zimekwenda kwenye poka, mchezo wa karata unaochezwa kwa fedha mtandaoni.

Mjomba alikuwa na jibu tayari. "Kamari ni kamari. Huyu tumempoteza."

"Mjomba, samahani, hii siyo kubeti," kijana alisema. "Hii ni akili. Mimi nilikuwa nashinda."

Wazazi wengi hapa hukasirika, na kikao kinavunjika. Lakini sehemu ya alichosema kijana ilikuwa kweli, na mzazi asiyeijua sehemu hiyo atashindwa hoja na mtoto wake kabla hajaanza.

Kile kindege kinachopaa kwenye simu, ambacho vijana wa vijiweni hukitolea macho usiku kucha, hakina ufundi wowote. Kompyuta imeshaamua kitaanguka wapi, na hesabu imepangwa mwenye mchezo abaki na chake. Dubwi la pembeni ya duka ni hivyohivyo. Poka ni tofauti kidogo. Unapewa karata mbili za siri, nyingine tano zinafunuliwa mezani kwa zamu, na kila hatua unaamua uongeze dau, ufuate la mwenzako au utupe karata. Unacheza na watu wengine. Anayejua kukadiria uwezekano, anayejua lini atulie na lini akaze, kwa muda mrefu humshinda asiyejua. Wapo watu duniani wanaoishi kwa mchezo huo.

Ndiyo maana kijana wa poka ni mgumu kuongea naye kuliko kijana wa kindege. Yule wa kindege moyoni anajua anabahatisha. Huyu ana daftari.

Na daftari lilikuwepo kweli, la kurasa 96, limeandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko madaftari yake yote ya sekondari. Kila usiku ameandika saa alizocheza, alichoingia nacho, alichotoka nacho, na kosa alilofanya. Alijifunza kwa video za bure akitumia bando la usiku. Alianza mwezi wa tatu na Sh 25,000 za vibarua vya kupakia magunia, ambazo zilimpa kama dola 10. Meza ya chini kabisa, ile ya senti, mtu hukaa na dola 2. Inayofuata dola 5, kisha 10, kisha 25. Ndivyo ngazi ilivyo, na wachezaji huita kupanda meza.

Kwenye jalada la ndani aliandika sheria aliyofundishwa na walimu wake wa video, akaipigia mistari miwili: usikae meza yoyote bila kuwa na mitaji 30 ya meza hiyo, na ukipoteza, shuka. Maana yake, kwa meza ya dola 2 uwe na dola 60 pembeni. Kwa meza ya dola 5 uwe na 150. Sababu ni kwamba hata mchezaji bora hupoteza usiku baada ya usiku kwa karata mbaya tu, na akiba hiyo ndiyo humvusha.

Yeye alianza na mitaji mitano. Bahati ilimbeba. Hilo halikuandikwa kwenye daftari kama kosa, kwa sababu alikuwa anashinda, na anayeshinda hajichunguzi.

Kufika mwezi wa saba alikuwa na dola 150, akapanda meza ya dola 5 kwa haki kabisa. Wiki tatu baadaye alikuwa na 170. Kisha kuna ukurasa ambao mwandiko unabadilika kidogo. Ameandika kwamba meza ya dola 5 imejaa watoto, wanafuata dau kwa karata za ovyo na wanapata, wanamharibia. Usiku huo akaruka meza ya dola 10 na kukaa ya dola 25. Kwa sheria yake mwenyewe alihitaji dola 750.

Dola 170 ziliisha kwa siku tatu.

Kuna mambo matatu ambayo daftari lile halikuyapa uzito, na wala si siri. Kwanza, meza ikipanda, wanaokaa humo wanabadilika. Uliowazoea unawaacha chini, unawakuta wengine ambao nao wamepanda kwa kuwashinda wenzao. Ufundi uliokutosha kwenye dola 2 unaweza kuwa chakula cha watu kwenye dola 25. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kampuni ya Facebook walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita. Kampuni za michezo hukataza programu za namna hiyo na kuwasaka wanaozitumia. Ila kijana aliyejifunika shuka Nyasho saa nane usiku anaona jina la kubuni na picha ya simba. Aliye nyuma yake hamjui.

Pili, mwenye meza hapotezi. Kwenye kila dungu la fedha linaloshindaniwa anakata asilimia yake, kwa hiyo haitoshi kuwazidi wenzako, uwazidi kiasi cha kulipia na ada hiyo. Wachezaji tisa wenye uwezo sawa wakikaa muda wa kutosha, wote tisa watatoka na hasara.

Tatu ni kasi. Meza ya watu waliokaa ana kwa ana hugawa karata mara 25 hadi 30 kwa saa. Mtandaoni ni 60 na kuendelea kwa meza moja, na daftari linaonyesha kijana alikuwa akifungua meza nne kwa wakati mmoja. Alichopoteza kwa usiku mmoja, babu zake wangehitaji wiki nzima kukipoteza.

Sasa turudi kwenye Sh 420,000. Asubuhi ya siku ya nne kijana alikuwa na salio sifuri, na saa tatu fedha ya dagaa ikaingia. Sheria yake ilisema shuka mpaka meza ya dola 2, uanze upya na vibarua vyako. Badala yake aliketi tena meza ya dola 25, ili arudishe dola zake 170, kisha akanunue dagaa mchana, na mama asijue chochote. Ilikuwa saa nane mchana fedha ilipoisha.

Hapo ndipo mahali pa kuangalia, kuliko kwenye kupanda. Kupanda meza, peke yake, hakukumharibu. Alipanda mara ya kwanza kwa utaratibu na hakuna aliyeumia. Kilichomshinda ni kushuka. Kushuka kungekuwa kukiri kwamba zile usiku tatu zimetokea. Wataalamu wa afya ya akili huita tabia hiyo kufukuza hasara, nayo ni mojawapo ya dalili zinazotazamwa sana. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uraibu wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Vigezo vyake vikuu ni kushindwa kujizuia, kuupa mchezo nafasi ya kwanza mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata baada ya madhara kuonekana. Kwa kawaida huangaliwa hali iliyodumu miezi 12 au zaidi, au pungufu ya hapo kama dalili ni kali.

Kwa maana hiyo, kosa moja la mchana mmoja halimfanyi mtu mgonjwa, na mjomba aliharakisha aliposema "tumempoteza". Ubongo wa binadamu, hasa sehemu ya mbele inayohusika na kujizuia na kupima matokeo, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kijana wa miaka 22 anaweza kuelewa hesabu ya mitaji 30 vizuri kuliko wazazi wake wote wawili, na bado akashindwa kuifuata saa tatu asubuhi fedha ikiwa mkononi. Kujua na kujizuia ni kazi mbili.

Hata hivyo kuna dalili zisizongojewa miezi 12: kukopa kwenye simu ili kucheza, kukosa usingizi, kusema uongo juu ya fedha, kujitenga, na zaidi ya zote, kauli za kukata tamaa. Madeni ya kamari huambatana na mawazo ya kujiua, hivyo mzazi asikae na jambo hilo ndani kwa kuona aibu. Kituo cha afya kilicho jirani kinaweza kumpa rufaa kwenda kwenye huduma ya afya ya akili hospitali ya mkoa. Tiba inayotumika zaidi ni ya mazungumzo, na inasaidia. Aliye chini ya miaka 18 hapaswi kucheza kabisa, sheria ya michezo ya kubahatisha inakataza.

Jumapili iliyofuata mama alikwenda na mwanawe Butiama, kwa baba wa marehemu mume wake. Si kwamba mzee anajua poka. Anajua bao, na kijana alifundishwa bao kwenye ule uwanja wake akiwa darasa la pili.

Watu wa Butiama hawaoni bao kuwa mchezo wa kupoteza muda, na wana sababu. Katika masimulizi ya maisha ya Mwalimu Nyerere kuna habari ya Mtemi Ihunyo wa Ikizu, huko ambako leo ni Bunda, aliyekuwa rafiki wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alicheza bao na mtoto wa rafiki yake, akaona ile si akili ya kuchunga mbuzi tu, akamshauri Burito ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na miaka 12 hivi, mtoto huyo akaanza Mwisenge, Musoma. Alikuwa amepanda meza, ukitaka kusema hivyo, mpaka akakaa na watemi. Ila aliyekaa mbele yake alikuwa mtu mwenye jina, aliyekuwa anamtazama.

Mzee hakusimulia hayo, kila mtoto wa Butiama amekua nayo. Baada ya shikamoo na chai alipanga kete, wakacheza kimya kama saa nzima. Halafu akauliza bila kuinua macho.

"Hao waliokula fedha ya mama yako ni kina nani?"

"Siwajui, babu."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Na wao wanakujua?"

Kijana hakujibu. Mzee alimla kete nne, akamwambia acheze.

Nyumbani waliafikiana mambo ya kawaida tu. Fedha ya mzigo sasa inatumwa moja kwa moja kwa mwenye dagaa, kijana anabaki na kazi ya kuhesabu magunia na kupakia. Simu inalala kwenye chumba cha mjomba kuanzia saa nne usiku, jambo lililomuudhi kijana kuliko yote. Mama hakumkataza daftari. Alisema anataka kulisoma kila mwisho wa mwezi, na kweli analisoma, ingawa maneno mengi humo hayaelewi. Mwezi wa tisa lilikuwa tupu. Mwezi wa kumi kulikuwa na usiku mmoja, meza ya dola 2, ameingia na mbili na kutoka na moja na senti kumi. Mama aliuliza kwa nini aliacha pale. Akasema usingizi ulimshika.

Deni analilipa Sh 10,000 kwa wiki kutoka kwenye vibarua. Zimebaki wiki 29.