Limeungua au Limeoza?

Walimu wengi hufundisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka kwa mfano wa kikombe: kikombe kimevunjwa, kikombe kimevunjika. Mfano ni sahihi, ila hakuna anayekililia kikombe. Sisi tunapendelea okidi.

Ipo moja sebuleni mwetu hapa Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura. Ilikuwa ya marehemu mama yetu, na katika vyote alivyotuachia ndiyo pekee ambayo bado inakua. Mwezi wa Juni jani lake la juu lilitoka doa kubwa. Jirani yetu, mama mwenye heshima zake, alitazama akiwa mlangoni akasema: "Mwalimu, maua yako imeoza. Tupa, ununue ingine."

Hatumlaumu kwa upatanisho. Ndivyo Kiswahili cha mtaani kwetu kisemwavyo, na kinaeleweka. Lakini kwa sikio la sarufi, "imeoza" ni hukumu juu ya okidi nzima, ngeli ya I-ZI, na mizizi yake yote. "Limeoza" ingegusa jani tu, ngeli ya LI-YA. Mgonjwa wetu alikuwa jani.

Tena kitenzi chenyewe kilihitaji uchunguzi. Kuoza (tusikichanganye na kule kwa mzazi anayemwoza binti yake, neno jingine lenye sura ileile) kuna dalili zake: jani hulainika, hujaa maji, doa hutanuka kwa siku chache, na mara nyingi hutoa harufu mbaya. Tulilibonyeza la kwetu. Lilikuwa kavu, jembamba kama karatasi, jeupe katikati na kahawia ukingoni. Halikuoza, liliungua. Ili tuwe na hakika, tulichora mstari wa kalamu kwenye ukingo wa doa, tukasubiri wiki moja. Hapo tofauti ya -me- na -na- si ya kitabuni tena: "doa limeenea" hueleza hali iliyokwisha kufikiwa, "doa linaenea" ni hatari ingali njiani. Mstari haukuvukwa.

Sababu ilikuwa nje. Mwembe uliotia kivuli dirisha letu la kaskazini ulikatwa mwezi wa Mei. Ulikatwa, haukukatika, maana palikuwa na mtu na shoka lake. Bujumbura iko nyuzi 3 na ushei kusini mwa ikweta, hivyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na safari hii lilipenya kioo bila kizuizi. Okidi ya aina hii, ambayo asili yake ni misitu ya Asia, huishi juu ya miti chini ya kivuli cha matawi. Mwanga huutaka, lakini uliochujwa.

Tuliisogeza mbali na dirisha, tukatundika pazia jepesi. Jani hatukulikata. Sehemu iliyoungua hairudi kuwa kijani, lakini iliyosalia hai bado inaulisha mmea. Lingekuwa limeoza, tungelikata kwa wembe uliopitishwa motoni, tukiingia kidogo kwenye sehemu nzima, kisha tungepaka unga wa mdalasini penye jeraha. Si mizizini, kwa kuwa huikausha. Mizizi nayo tuliikagua: iliyo hai ni migumu, ina rangi ya fedha ikikauka na ya kijani ikilowa, iliyokufa ni ya kahawia na hubonyea. Tuliendelea kumwagilia asubuhi, bila kuacha maji yatuame katikati ya majani. Kitovu hicho kikioza, mara nyingi mmea wote umekwisha.

Darasani tuliwapa walimu tarajali jani hilo walieleze. Mmoja aliandika "limechomeka", akifuata kanuni ya -ik-/-ek- barabara: vunja, vunjika, choma, chomeka. Bahati mbaya, chomeka katika matumizi ya kawaida ni kupachika, kama mtu achomekavyo shati. Anayetaka kusema moto au jua limefanya kazi yake, bila kumtaja mtendaji, atumie ungua, kitenzi ambacho kwa umbo lake tu, bila -ik-, kinabeba maana hiyo. Kisha tukawaonyesha jani la chini kabisa, lililokuwa la manjano tangu shinani hadi nchani, bila doa wala unyevu. Walijaribu limeungua, limechomwa, limeoza. Mwanachuo mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Linazeeka tu." Tukaandika hilo ubaoni.