Madabodi Haijakufa, Fundi Amechoka Tu

Wasee, kuna sentensi moja imekula pesa nyingi sana za watu huku kwetu: "Hii madabodi imekufa." Utaisikia Migori, utaisikia Awendo, utaisikia Rongo, na ukifika Homa Bay utaikuta inakungoja kwa steji. Fundi anabonyeza swichi mara mbili, skrini inabaki nyeusi, anatingisha kichwa kama mtu aliyetumwa kutangaza msiba, halafu anataja bei. Kava hata hajafungua.

Mimi nasema hivi: madabodi inafaa kuwa ya mwisho kulaumiwa na ya kwanza kuchaguliwa. Wengi wetu tunafanya kinyume. Mashine ikizima tunaisingizia papo hapo, na tukienda kununua tunauliza "ni Core i ngapi, RAM ngapi", bila kuuliza hivyo vitu vyote vimekaa juu ya bodi gani.

Waya wangu (ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, usichanganye na waya wa stima) ana saiba ndogo Migori, karibu na barabara kuu ya kwenda Isebania. Desktop mbili, printa moja, benchi la mbao. Kazi ni zile unazijua: HELB, KUCCPS, eCitizen, kupiga chapa barua za chifu, na Juni ikifika, watu wa nil returns ambao huwa wanakumbuka KRA siku tatu kabla ya tarehe 30. Mwaka jana, wiki hiyo hiyo ya mwisho wa Juni, stima ilipotea na kurudi mara kadhaa kwa siku moja, na kesho yake mashine zote mbili zikagoma. Fundi akaja, akasema madabodi zote mbili zimekwenda, elfu saba kila moja. Waya akanipigia nikiwa Homa Bay. "Nyathina, njoo uangalie kabla sijakopa kwa chama."

Nikamwambia, "Waya, usitoe hata shilingi, nakuja." Hiyo hesabu ilikuwa ndogo kwa karatasi, lakini kwake elfu kumi na nne ni kodi ya chumba, na kila siku ambayo mashine zimelala wateja wanaenda saiba ya jirani na hawarudi.

Mashine ya kwanza haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa inawaka, inasimama kwa maandishi meupe, inakuomba ubonyeze F1. Ukibonyeza inaingia vizuri, lakini iTax haifunguki, eCitizen haifunguki, kila ukurasa unakwambia muunganisho si salama. Nikaangalia saa pale kona ya chini: Januari 2012.

Hii kitu kila mtu wa saiba anafaa kuijua. Tovuti yoyote yenye usalama hubeba cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta yako ikiamini tuko 2012, itaona cheti cha mwaka huu ni cha siku ambazo hazijafika, na itakikataa. Intaneti iko sawa na KRA wako sawa. Kilichoisha ni betri ndogo ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kulinda saa na mipangilio ya BIOS wakati mashine haina stima. Waya huzima kila kitu ukutani jioni, kwa hivyo usiku kucha saa ilikuwa inategemea hiyo betri peke yake. Nilinunua nyingine kwa mtu wa kutengeneza saa sokoni. Mia moja. Nikarekebisha tarehe, na ndani ya dakika kumi mzee mmoja alikuwa ameketi anatafuta PIN yake.

Ya pili ndiyo ilikuwa na maneno. Feni inazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi, kimya. Hapa ndipo watu hukata tamaa, na hapa ndipo kuna mtihani mmoja wa bure ambao naupenda kuliko yote. Chomoa stima ukutani, bonyeza swichi ya kuwasha sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, gusa chuma cha kava, halafu toa RAM yote. Yote. Rudisha stima, uwashe. Kama mashine ina spika ndogo ya ndani na ikaanza kulia pii-pii, shangilia. Bodi iliyokufa hailalamiki. Ikilia kwa sababu haina RAM, maana yake prosesa inafanya kazi, BIOS inasoma, na bodi ina akili ya kutosha kujua kuna kitu kinakosekana.

Ya Waya ililia. Nikafuta zile sehemu za dhahabu za RAM kwa raba ya penseli, nikapuliza vumbi kwenye nafasi zake, nikarudisha kijiti kimoja kimoja. Kijiti cha kwanza, nyeusi. Cha pili, picha ikaja. Kwa hivyo RAM moja ndiyo ilikuwa imeenda.

Kila kampuni ina lugha yake ya milio, kwa hivyo tafuta ya modeli yako kabla ya kubahatisha. Kwa mfano HP nyingi za ofisi za miaka ile ya nyuma hupiga taa nyekundu kwa hesabu: mara mbili ni joto la prosesa, mara tano ni RAM. Mashine inakwambia ugonjwa wake, na mtu anaitangaza maiti.

Kama hakuna mlio wala feni, anza na vitu vya kijinga kabisa. Soketi ya ukuta, ekstensheni, kebo. Halafu pawa saplai, na njia nzuri ni kuazima nyingine inayofanya kazi ujaribu nayo. Lile boksi lenyewe usilifungue hata kama umetazama video mia, kwa sababu ndani hubaki na chaji ya kukurusha hata baada ya kuchomoa. Mashine inayozima yenyewe baada ya dakika kumi, mara nyingi ni joto: feni imejaa uchafu au ile pesti kati ya prosesa na hitisinki imekauka ikawa kama chokaa. Homa Bay tuna shida ya ziada, wale wadudu wa ziwa. Wakija jioni kwa wingu wanafuata mwanga, wanaingia dukani, feni inawavuta ndani. Nimefungua mashine karibu na ufuo nikakuta hitisinki imevaa blanketi. Brashi ya rangi, dakika tano, imepona.

Sasa, fundi alikuwa na nusu ya ukweli. Siku mbili baadaye ile ya pili ikaanza kujizima na kujiwasha, hasa mtu akiprinti. Nikafungua tena, nikamulika kwa tochi ya simu karibu na prosesa, nikaona kapasita nne zimevimba vichwa, moja imetoa uji wa kahawia. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kama meza. Ikiwa imeinuka kama mandazi, kazi yake ya kutuliza stima ya prosesa imeisha.

Hii si hadithi ya vitu feki vya mtaani tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita mbovu zilisambaa kwenye bodi za makampuni makubwa duniani, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya OptiPlex zilizoathirika. Mwaka 2011 Intel nayo ikasimamisha na kurudisha chipuseti zake mpya kwa sababu baadhi ya milango ya diski ingechoka mapema. Kwa hivyo mtu akikwambia "hii ni kampuni kubwa, haiharibiki", mpe maji anywe.

Basi tukaingia kwa swali la bodi gani. Binamu yangu alitaka bodi ya gemu yenye taa za disko. Kuna duka pia lilikuwa linauza bodi "mpya kwa boksi", haina jina la kampuni, imeandikwa H61 tu. Bei tamu. Nikakataa zote mbili na nilinuniwa siku nzima.

H61 ni chipuseti ya 2011. Inabeba Intel za kizazi cha pili na cha tatu, na RAM ya DDR3. Boksi linaweza kuwa jipya na plastiki inanukia dukani, lakini unanunua teknolojia ya wakati Kibaki yuko Ikulu. Hilo peke yake si dhambi, kazi ya saiba haihitaji roketi. Shida yangu ni kukosa jina. Ikisumbua, utatafuta wapi BIOS yake? Kitabu chake cha maelekezo kiko wapi? Kampuni inayoona haya kuandika jina lake kwenye bodi yake inakwambia kitu.

Ya taa za disko ilikuwa na tatizo lingine: haingeingia. Hii watu wengi hawaijui hadi wamelipa. Mashine za ofisi za ex-UK nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina plagi kuu ya pini 8. Baadhi ya HP Elite 8200 na 8300 zina ya pini 6. Ukinunua bodi ya kawaida utanunua pia pawa saplai, pengine na kava, na prosesa yako huenda isikubali soketi. Intel ya kizazi cha tatu hukaa kwenye LGA 1155, ya nne kwenye LGA 1150, na hazibadilishani hata kwa maombi. Bodi ya elfu sita inazaa bili ya elfu ishirini.

Kwa mtu wa Migori au Homa Bay, bodi ya kuaminika ni ile ambayo pacha wake anapatikana kwa safari moja ya matatu, au kwa kifurushi cha basi la usiku kutoka Nairobi. Nguvu na sifa za YouTube baadaye. Modeli ambayo ofisi nyingi zilitumia ndiyo yenye spea nyingi. Ndiyo maana nilimshauri Waya anunue mashine nzima iliyotumika, modeli ile ile, bila diski. Tukahamisha diski na ile RAM nzima, na ya zamani ikabaki na kava, feni na pawa saplai za akiba.

Ukinunua bodi peke yake, nenda na tochi. Kwa Intel za miaka hii yote pini ziko kwenye soketi ya bodi, nyembamba kama nywele. Mulika kutoka pembeni. Zote zinafaa kung'aa kwa mstari mmoja, na ukiona moja imelala, rudisha, hata akikupunguzia nusu. Muuzaji asiye na kifuniko cha soketi muulize bodi imelala wapi. Angalia kapasita: zile ngumu zenye kichwa laini kisicho na mkato huvumilia joto vizuri kuliko zile zenye alama ya msalaba juu. Angalia sehemu inayogawa stima kando ya prosesa. Kama haina kipande cha chuma cha kupoza, usiweke i7 pale ukategemea miujiza. Halafu mwambie aiwashe mbele yako, kwa RAM katika kila nafasi na flashi katika kila mlango wa USB. Muuzaji mzuri hakasiriki.

Kama unajenga kitu kipya na una ganji, AMD za soketi ya AM4 zimekuwa na huruma kwetu: ilianza 2016, na bodi nyingi zake zimepokea prosesa za miaka mingi iliyofuata kwa kubadilisha BIOS tu. Intel hubadilisha soketi kama mtu anabadilisha laini.

Na ndiyo, najua Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inaanzia kizazi cha nane. Mashine za Waya hazifiki huko. Moja tayari iko kwa Linux Mint, na hakuna mteja ameuliza, kwa sababu wateja wanaona Chrome na printa. Hiyo nitaiandika siku yake.

Kuhusu stima: ile sekunde ya kurudi ndiyo mbaya. Ikipotea, chomoa ukutani, ikirudi subiri dakika chache itulie. Waya amenunua UPS ndogo ya mtumba yenye betri mpya. Haifiki robo saa, lakini inatosha kumaliza fomu ya mtu na kuzima kwa adabu.

Ile bodi yenye mandazi niliibeba hadi Homa Bay, nikampa fundi wa redio sokoni. Alitoa zile kapasita nne, akaweka nyingine za volti na uwezo ule ule, akachoma kwa risasi safi kabisa, mia sita. Inawaka. Inakaa kama saa tatu halafu inajizima, na bado sijajua kama ni pesti ya joto au kuna kapasita ya tano inanificha. Wikendi hii naibandua hitisinki tena.