Wenye Kazi Chini ya Nyasi

Nyungunyungu hana macho, masikio wala mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka anakufa. Ungedhani kiumbe kama huyu hana la kumwambia mtu. Lakini waliotunza nyasi za wenyewe miaka mingi, kama baba yangu, watakuambia hakuna shahidi mwingine wa udongo.

Baba anafanya kazi Nairobi, kwenye mtaa ambao nyumba hazionekani ukiwa barabarani. Wanamwita shamba boy, na ana miaka 58. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliposhinda. Siku nikikosa makala ya kuandika, naenda kumsaidia.

Kipimo chake ni rahisi. Mvua ikishanyesha siku mbili tatu, anakata mraba wa nyasi, futi moja kila upande, anachimba futi moja kwenda chini, anamwaga udongo juu ya gunia na kuhesabu. Nyungunyungu kumi au zaidi, udongo ni mzima. Wawili watatu, kuna shida: pengine umekanyagwa ukashikamana, pengine una asidi nyingi, pengine kuna aliyemwaga sumu. Kiangazi hahesabu, manake wengi huzama chini, wakajikunja kama fundo na kungoja mvua. Kutoonekana si kufa.

Kazi yao ni kuvuta majani makavu chini, kuyala pamoja na udongo, na kuacha kinyesi chenye rutuba. Mashimo yao hupitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi.

Charles Darwin aliwasilisha makala kuhusu nyungunyungu mwaka 1837, na kitabu chake juu yao kikatoka 1881, miezi sita kabla afe. Aliwapigiwa piano aone kama wanasikia. Wapi! Ila vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano yenyewe, mtetemo uliwarudisha mashimoni mbio. Alikadiria kwamba sehemu nyingi za Uingereza, kila ekari, wanapandisha juu zaidi ya tani kumi za udongo kwa mwaka. Nampenda pia kwa sababu aliacha masomo ya udaktari Edinburgh. Kwao walikuwa na pesa za kumpeleka Cambridge, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Aprili, mpangaji mpya aliona vichuguu vya kinyesi kwenye nyasi.

"Mzee, hii ni nini? Watoto wanaingiza matope ndani. Tafuta dawa."

"Madam, hawa ndio wananisaidia kazi. Tukiwaua, nyasi itaanza kuumwa."

"Basi nitaleta mtu wa kupuliza."

Mtu akaja na mtungi mgongoni. Kesho yake nyungunyungu walikuwa juu ya nyasi, wanajipindapinda kwenye jua, na ndege wakashuka kuwala. Baba alishinda asubuhi nzima akiwafukuza kwa ufagio wasimeze sumu. Madam alimtazama dirishani, akadhani anacheza.

Hakuacha kazi. Ataachaje, na karo ya mdogo wangu inatoka kwenye nyasi hiyo? Kufikia mvua za Novemba, maji yalikuwa yanatuama karibu na lango, mahali hayajawahi kutuama. Sasa akikata nyasi haipeleki jalalani. Anaiacha ioze papo hapo, na anatawanya mboji jioni, madam akiwa hajarudi. Nilimwambia tulete nyungunyungu wa kwetu kwenye mkebe. Akakataa. Kwanza chakula, akasema, wageni watajileta.

Wiki jana tulikata mraba tena. Watatu. Baba alihesabu mara ya pili, akarudisha udongo, akafunika na nyasi yake, akashindilia kidogo kwa kiatu. Nikamuuliza kama atamwambia madam.

"Aambiwe nini? Juu ni kijani. Anachotaka ni hicho."