Miaka ya Kusimamia Miradi

Nimefundisha kompyuta chuo kikuu hapa Dar es Salaam tangu enzi za disketi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kusimamia miradi ya utafiti ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Msimamizi huiona nchi ikibadilika kwa kusoma mada tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, vijana walitaka kutafsiri kila kitu. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, kila pendekezo likawa na malipo kwa simu. Siku hizi ni akili mnemba.

Kisichobadilika ni kichwa cha pendekezo: "Mfumo wa Kusimamia" hospitali, maktaba, au mabweni. Jibu linafika kabla ya swali. Ndiyo maana niliweka sharti: kabla ya kuandika msimbo, nenda ukakae na mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Binti mmoja alitaka programu ya kuondoa vitabu vya MTUHA, rejista za karatasi za taarifa za huduma za afya, kwenye zahanati. Nilikwenda naye mwisho wa mwezi. Nesi alikuwa amefungua rejista pana iliyojaa meza, anahesabu wagonjwa wa malaria kwa vijiti: vinne wima, cha tano kinakatiza. Akaingia mama na mtoto mwenye homa. Nesi akainuka, akamhudumia, akarudi, akatafuta kwa kidole alipoishia.

"Mwalimu," binti akaninong'oneza, "kuandika hakumsumbui. Kinachomsumbua ni kujumlisha."

Mradi ukageuka. Rejista ikabaki. Nesi akawa anatuma hesabu ya siku kwa simu ya kitochi, na kompyuta inajumlisha. Binti akalinganisha jumla hizo na za vijiti, kisha zote mbili na rejista yenyewe, mstari kwa mstari. Siku ya kutetea, mtahini akauliza mbona mfumo ni mdogo hivyo. Binti akamwonyesha jedwali la makosa ya kila upande. Maswali yote yaliyofuata yalihusu jedwali lile.

Ninyi mnaoandika mapendekezo mwaka huu, njooni na swali ambalo jibu lake hamlijui, na mtuambie mmekaa na nani mpaka mkalipata swali hilo. Msimbo tutasaidiana.